Maswali Mnayoniuliza Kila Siku Kuhusu Zile Wiki Tatu Zangu za Kuzurura Ulaya

Tangu nirudi chumbani kwangu Jena simu haijapumua. Mama mdogo anauliza nilikula nini, binamu zangu wanauliza nilipata wapi pesa, na bibi anatuma sauti za dakika nne nne ambazo swali lenyewe limo kwenye sekunde kumi za mwisho. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Majibu yote nimeyaweka hapa na kuyapa namba, na kuanzia leo ukiniuliza jambo ambalo limeshajibiwa nitakutumia namba tu. Usinune.

Kwa wasionijua: mimi ni binti wa Lindi, nasoma Jena, mji mdogo wa mashariki ya Ujerumani unaosifika kwa lenzi na darubini. Muhula wa baridi uliisha mapema Februari 2025 na wa kiangazi unaanza Aprili. Tarehe 8 Februari nikabeba begi la mgongoni, nikafuatana na mwenzangu mmoja, binti wa Kisumu, na tukarudi tarehe 28, mkesha wa Ramadhani. Jina lake silitaji kwa kuwa kwao walidhani yuko maktaba.

1. Ulifika nchi ngapi?

Ukiihesabu Ujerumani yenyewe, sita. Njia ilikuwa Berlin, Prague, Vienna, Venice, Paris, Brussels, kisha Hamburg na nyumbani. Mjomba, najua wewe kwako Ulaya ni nchi moja yenye mitaa mingi. Hapana, sikukutana na mtoto wa yule rafiki yako aliyekwenda Sweden mwaka 1998.

2. Viza ulikata ngapi?

Hata moja. Ukiwa na kadi ya ukaazi ya Ujerumani na pasipoti hai unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza haimo, Ireland haimo. Ndiyo maana sikwenda London, na swali la kwa nini sikwenda London limeishia hapo.

Lakini msidhani hakuna ukaguzi. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024. Tulipokuwa tunarudi kutoka Brussels usiku, polisi wakapanda basi. Watu wote usingizini, taa zikawashwa pwaa! Askari kijana akaichukua pasipoti yangu, akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha tena. Picha ile nilipiga Dar es Salaam nimesuka vizuri na nimelala saa nane nzima. Mbele yake amekaa mtu mwenye kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, mate yamekauka shavuni. Simlaumu.

3. Pesa ulitoa wapi? Na ziliisha ngapi?

Baba, sikugusa ada. Mwanafunzi wa kigeni Ujerumani anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, na mimi Desemba yote nilikuwa ghala la vifurushi, napanga masanduku ya watu wanaonunuliana zawadi za Krismasi.

Jumla nilitumia euro 742. Nilikuwa nahesabu euro moja kwa shilingi 2,700, kwa hiyo kama milioni mbili na kidogo. Usafiri ulikula 268, malazi 231, chakula 140, viingilio 61. Zile 42 zilizobaki ni aibu yangu binafsi, soma namba 8.

Kuna na mapato. Ujerumani ukinunua soda ya chupa ya plastiki unatozwa amana ya senti 25, unarudishiwa ukiitumbukiza chupa tupu kwenye mashine ya dukani. Watu wavivu huziacha. Mwenzangu jicho lake lilizizoea haraka: siku moja Berlin aliokota 11, tukapata euro 2.75, tukanunua mikate miwili na ndizi. Usimwambie mama yake hilo pia.

4. Ulikula nini huko?

Mkate. Mkate na jibini, mkate na tango, mkate na mkate. Paris mkate ni mtamu mno, sisemi uongo, lakini siku ya tisa tumbo likaanza kuuliza maswali.

Sasa sikilizeni ya Venice. Hatukulala mjini kwenyewe, bei yake haisemeki, tulilala Mestre, ng'ambo ya daraja, kwenye nyumba ya wageni yenye jiko la pamoja. Tukaingia duka la vyakula kutafuta chumvi. Mwenzangu akasimama mbele ya rafu kama aliyepigwa na umeme. Pale pana pakiti ya unga mweupe, mweupe kabisa, umeandikwa *polenta bianca*. Akaiminya, akaisikiliza, akaninusisha kupitia plastiki. Mahindi! Mnajua polenta ya Waitaliano kwa kawaida ni ya njano, lakini watu wa mkoa huu wa Veneto tangu zamani wanapenda ya mahindi meupe, na wanaila na samaki. Mahindi meupe, na samaki. Nikasema hawa ni ndugu zetu, ni habari tu haijawafikia.

Tukarudi jikoni na dagaa wa kopo, vitunguu na nyanya. Mwiko hakuna, mwenzangu akachukua kijiko cha mbao chembamba kama penseli. Maji yakachemka, unga ukaingia, akaanza kusonga. Hapo akaingia mama mwenye nyumba, mtu mzima, aproni kiunoni. Akaangalia sufuria, uso ukamng'aa: "Polenta!" Furaha yake ilidumu kama dakika sita. Kwao inachochewa dakika 40 na zaidi, polepole, huku mtu anapiga soga. Mwenzangu baada ya dakika kumi na mbili kageuza sufuria juu ya sahani, ugali ukakaa kama mlima, umeshika umbo. Yule mama alishika kichwa. Akanyoosha kidole saa ya ukutani, akanyoosha kidole sufuria, akasema maneno mengi ambayo hayakuhitaji mkalimani.

Mwenzangu akamega tonge, akalitia shimo kwa dole gumba, akachota mchuzi wa dagaa, akampa. Mama akala. Akanyamaza. Akavuta kiti.

5. Mlilala wapi?

Mabweni ya wasafiri, kina mama peke yao, vitanda vya dabodeka. Wale mliosoma bweni mnajua kila kitu tayari: aliye juu anamkanyaga aliye chini, kuna mmoja anakoroma, kuna mmoja anapanga mifuko ya plastiki saa kumi alfajiri. Tofauti ni kwamba hapa hakuna matroni wa kumpelekea mashtaka. Bei ya chini nililipa Prague, euro 14, Februari si msimu. Ya juu ilikuwa Paris na sitaki kuizungumzia.

Usiku tatu tulilala njiani, ukihesabu na ule wa basi la kutoka Brussels. Vienna kwenda Venice kuna treni ya usiku, na sisi tulikata viti, si vitanda. Ulalapo umekaa, kichwa kinatafuta bega la jirani chenyewe. Kutoka Milano kwenda Paris tulipanda basi, kwa kuwa reli ya moja kwa moja ilikuwa imefungwa tangu maporomoko ya Agosti 2023 kule milimani upande wa Ufaransa. Ilifunguliwa tarehe 31 Machi 2025, yaani mwezi mmoja baada ya sisi kufika nyumbani. Bahati yangu siku zote iko hivyo.

6. Mjusi wetu ulimwona?

Hili limeulizwa na ukoo mzima, na babu kaliuliza mara tatu. Nimemwona. Yupo.

Kwa msiotoka Lindi: pale Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka mjini kwetu, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Waliondoka na tani kama 230. Kazi ya kuchimba waliifanya wenyeji kwa mamia, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na mizigo ilibebwa kwa miguu, begani na kichwani, siku kadhaa porini mpaka bandari ya Lindi. Mkubwa wao amesimama sasa ukumbini katika makumbusho ya viumbe, Berlin. Bungeni kwetu kila baada ya muda fulani huulizwa: mjusi wa Tendaguru anarudi lini?

Nilikata tiketi ya mwanafunzi. Nataka mlielewe hilo: nyumbani kwetu inasimuliwa kwamba babu wa babu alikuwa miongoni mwa wapagazi. Yeye alibeba mzigo, na mimi nimelipa kuingia kuuangalia.

Ukiingia tu mlangoni uko miguuni pake. Kimo chake mita 13.27. Mfupa mmoja wa mguu wa mbele unanizidi kimo, na shingo inapanda mpaka karibu na dari ya kioo, huko kichwa kidogo kinaangalia upande mwingine kama mzee aliyekataa kupokea salamu. Alisimamishwa hapo mwaka 1937, akasukwa upya 2007. Nikabaki nimeinua uso mpaka kofia ikaanguka.

Mlinzi wa ukumbi, mzee mwenye masharubu, akaniuliza natoka wapi. Kwa kawaida nikisema Lindi wazungu hutabasamu kwa adabu, nami huongeza "Tanzania", wasipoelewa naongeza "karibu na Zanzibar", ambayo si kweli sana. Safari hii nilipotaja Lindi yule mzee akapiga makofi. "Lindi! Tendaguru!" Katika wiki tatu, nchi sita, ndiye mtu pekee aliyeujua mji wetu. Akanionyesha na wale wadogo pembeni, wengi wao wa kwetu, ukumbi ni kama kituo cha mabasi ya kusini. Akanieleza pia kwamba mwaka 2007 aina mojawapo ya dinosaria wa Tendaguru ilipewa jina la *Australodocus bohetii*, kwa heshima ya Boheti yule yule.

Bibi aliuliza amenona au amekonda. Bibi, ni mifupa mitupu, ana miaka kama milioni 150. Na babu, salamu zako nilizifikisha kwa sauti, Kiswahili safi, nikamwambia nyumbani wanakungoja. Watoto wa shule waliokuwa karibu walisogea.

7. Samahani kwa swali hili, lakini chooni mnajisitiri vipi?

Usiombe samahani, hili ndilo swali la maana kuliko yote. Karatasi. Tena chooni penyewe stesheni unalipia, senti 50 mpaka euro nzima, ukalipie kukosa maji.

Dawa yake ni chupa ya nusu lita, kifuniko umekitoboa vitundu vitatu. Inakaa mfuko wa pembeni wa begi na haiazimwi. Mwenzangu mwanzoni alinicheka, kufika Vienna akatoboa ya kwake.

Italia ndipo moyo wangu ulipotulia. Kule nyumba zina kile kibeseni cha kunawia pembeni ya choo, na kuna kanuni ya serikali tangu 1975 kwamba nyumba ya kuishi lazima iwe nacho. Lazima, kwa sheria! Nilipokiona Mestre nilitamani kuomba uraia.

8. Ni kweli ulikamatwa?

Nani kasema? Sikukamatwa, nilitozwa faini.

Mji siutaji. Nilinunua tiketi ya tramu, halali, kwa pesa yangu. Ninachotaka muelewe ni kwamba huku hakuna konda. Hakuna anayening'inia mlangoni, hakuna anayepiga kelele "nauli, nauli mkononi", hakuna anayekugusa bega kwa sarafu. Mtu wa daladala akipanda chombo kama hicho moyo unamwambia leo ni bure. Mimi sikusema ni bure, nilikata tiketi, ila sikujua kwamba ukishapanda unatakiwa kuichomeka kwenye kisanduku cha njano iigonge muhuri wa saa. Isipogongwa ni karatasi tu.

Kituo cha tatu akasimama bwana mmoja aliyekuwa akisoma simu yake tangu tulipopanda, koti la kawaida, kiatu cha kawaida, akatoa beji mfukoni. Nikampa tiketi yangu kwa fahari. Akaigeuza huku na huku, akasikitika, kwa kweli alisikitika, akaandika euro 42. Nilijaribu Kijerumani, Kiingereza, na mwisho nikajikuta nasema "kaka, nihurumie". Mwenzangu wakati huo alikuwa amefumba macho, anajifanya hanijui. Yeye ya kwake aligonga. Alimwona bibi mmoja anagonga, akaiga, na mimi hakunishtua. Tulikuwa hatusemezani mpaka saa moja usiku.

9. Kitu gani kilikuvunja moyo?

Saa ya Prague, nusu nusu. Ni saa ya ajabu, imefungwa pale kwenye ukuta wa ukumbi wa mji tangu 1410, inaonyesha jua, mwezi na nyota. Kila inapotimia saa kamili vinapita visanamu vya mitume kumi na wawili dirishani na kiunzi cha mifupa kinavuta kengele. Tulifika kumi na mbili na dakika ishirini, tukaamua kusubiri. Dakika 40, baridi chini ya sifuri, watu mia na simu juu. Ikagonga. Mitume wakapita mbio kama wamechelewa darasani, jogoo akawika kwa sauti ya mtu aliyepaliwa, kwisha. Haikutimia dakika moja. Mzee mmoja nyuma yangu alisema neno ambalo silijui Kicheki lakini nimelielewa.

Mona Lisa, namuonea huruma. Picha yenyewe ni sentimita 77 kwa 53, ndogo kuliko kalenda ya benki iliyopo sebuleni kwetu, na mbele yake umati kama wa mgao wa maji. Kuingia Louvre sikulipa, wakaazi wa nchi za Umoja wa Ulaya walio chini ya miaka 26 wanaingia bure, ila uweke nafasi mapema. Nilichofaidi ni vyumba vingine ambavyo havina mtu.

Halafu Brussels. Tumekwenda kona tatu, tumeuliza watu wawili, kumuona mtoto maarufu wa shaba anayekojoa. Nilitarajia sanamu. Urefu wake sentimita 55 na nusu! Jogoo wa shangazi akijinyoosha wanalingana. Na yule aliye pale nje ni nakala, mwenyewe wa mwaka 1619 wamemfungia makumbusho. Ana nguo zaidi ya elfu moja, anavalishwa kwa zamu, nguo hizo nazo zina jumba lake. Siku yetu alikuwa uchi.

10. Ungeambiwa uchague mji mmoja uhamie?

Vienna, kwa sababu ya uvivu wangu. Mikahawa yao ya kahawa ina desturi moja: ukiagiza kikombe kimoja unaletewa kwenye kisinia pamoja na glasi ya maji, na baada ya hapo hakuna anayekufukuza. Magazeti yametundikwa kwenye vijiti vya mbao, kiti kina velveti, nje theluji. Sisi tuliagiza kahawa moja kila mtu, tukakaa saa tatu na nusu. Mhudumu mwenye koti jeusi aliniletea maji mara mbili bila kuitwa, na uso wake ulikuwa wa hakimu muda wote. Maji yenyewe ni ya bomba, yanateremka kutoka milima ya Alps kwa mfereji waliouzindua 1873, na kusema kweli ni matamu kuliko ya chupa.

Ila kahawa yao ina maziwa mengi mno. Nilimkumbuka muuza kahawa wetu anayegonga vikombe jioni, kikombe kimoja kichungu na kashata, na soga la bure. Na Vienna ungempiga mtu soga wa meza ya pili wangeita polisi.

11. Paris je? Mapenzi?

Ngazi 674. Kupanda mnara wa Eiffel kwa miguu mpaka ghorofa ya pili ni nafuu kuliko lifti, na mwenzangu ndiye mweka hazina. Ngazi ya 300 nilimsamehe kila aliyenikosea. Mapenzi sikuyaona, niliona magoti.

Kilichonipendeza ni msikiti mkuu, ule wa mwaka 1926, na chai ya nanaa kwenye ua wake. Tulikunywa glasi mbili mbili, shomoro wakatembea juu ya meza kutafuta makombo.

12. Ulipanda zile mashua za Venice?

Gondola kwa nusu saa ni euro 90. Shilingi 243,000. Kwa pesa hiyo ningevuka kivuko cha Kigamboni mara 1,215, na ningeuziwa karanga humo humo. Lakini kuna siri: sehemu chache za mfereji mkubwa kuna gondola za kuvushia watu tu, euro 2, mnasimama wima kama mnakwenda sokoni, dakika mbili mko ng'ambo. Tulivuka, tukapiga picha, tukarudi kwa daraja.

Ilikuwa wakati wa kanivali. Watu wazima mitaani na majoho na vinyago vyeupe, hawasemi, wanakutazama tu. Mwenzangu aliona mazingaombwe. Mimi nimekulia kusini, mapiko ya Wamakonde nimeyakimbia tangu mdogo, na miguu ikakumbuka yenyewe: kinyago cha kwanza kilichonigeukia ghafla, nikakimbia. Vichochoro vyao ni kama vya Mji Mkongwe, ukipotea unatokea majini. Nilitokea majini.

13. Ulipata mtu wa kuongea naye Kiswahili?

Brussels kuna mtaa unaitwa Matonge, jina limetolewa kwa mtaa wa Kinshasa. Ukikunja kona tu harufu inabadilika: samaki mkavu, mafuta ya nywele, ndizi zinakaangwa. Lugha kubwa pale ni Kilingala na Kifaransa. Tumeingia duka moja, mama mnene wa makamo kakaa nyuma ya friza anaongea na simu, na katikati ya Kifaransa nikasikia "njo vile, njo vile". Masikio yangu yakasimama. Nikamsubiri amalize.

"Shikamoo, mama."

Akanitazama. "Jambo," akasema. "Jambo sana." Shikamoo yangu ikabaki hewani haina wa kuipokea. Yeye ni wa Lubumbashi, huko haitumiki.

Nikajieleza: natoka Tanzania, nasoma Ujerumani, tunaomba kujua bei ya ile mboga. Akacheka mpaka akashika friza. Akamwita mwenzake wa duka la pili: kuja usikie huyu mtoto, "iko nasema sawa radio!" Mwenzake akaja, nikalazimishwa niseme tena. Nikasema tena, safari hii na mimi nikajisikia kweli kama natangaza taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Ile mboga kwao ni sombe, kwetu kisamvu, kimetwangwa na kugandishwa mfukoni. Nikashika mfuko kama nimeshika dhahabu. Akaniuliza, "Uko na makuta?" Mimi nikasikia makuti. Nikajiuliza mama huyu Ubelgiji hapa anataka kuezeka nini. Nikamjibu makuti kwetu Lindi yapo mengi sana, tunafumia mapaa. Kimya. Mwenzangu wa Kisumu, ambaye siku zote anasema Kiswahili cha pwani ni cha kujidai, ndiye aliyeelewa kwanza: makuta ni pesa.

Walitucheka dakika tano nzima. Tulipolipa akatutilia kipande cha makayabu, samaki wao wa chumvi, bila kukihesabu, akasema tumsalimie bahari.

14. Wazungu walikuuliza nini?

Kama sisikii baridi. Nasikia.

15. Kwa nini mlimalizia makaburini? Mna akili?

Mama mdogo, hebu kaa vizuri. Jena ninapoishi ndipo alipofia Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Aliondoka Zanzibar 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa huko Aden, wakahamia Hamburg 1867. Miaka mitatu baadaye mume akagongwa na tramu akafa, naye akabaki ugenini na watoto watatu wadogo. Aliitwa Emily Ruete. Alifariki tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg. Nilikuwa napita kila wiki kwenye mji aliofia bila kujua alipolala, ikawa inanikera.

Makaburi ya Ohlsdorf ni makubwa kiasi kwamba yana mabasi. Msicheke, mabasi kweli, yana vituo na ratiba, ndani ya makaburi. Hekta karibu 390. Tulipanda, na safari hii nilikagua tiketi yangu mara nne. Dereva alituuliza tunakwenda kwa nani, kama konda wa kijijini anayejua nyumba zote.

Ilikuwa tarehe 27, mvua nyembamba, vichaka vya maua vimeinama. Tulizunguka nusu saa kabla ya kuliona jiwe. Mwenzangu akaniuliza kama nitamsomea Fatiha, maana alibatizwa. Nikamwambia hesabu hiyo si yangu. Nikasoma. Yeye akavua glavu, akafuta majani yaliyolowa juu ya jiwe kwa mkono mtupu, kisha akalalamika baridi njia nzima ya kurudi.

16. Utaenda tena?

Septemba, Inshallah. Mwenzangu anataka Lisbon. Mimi nataka kitanda.

17. Umetuletea zawadi gani?

Kuna mwanafunzi alikuwa anakwenda Dar mwezi Machi, akanikubalia kilo tatu. Binamu zangu mmepata sumaku za friji, mbili zilivunjika. Babu amepata picha ya mjusi, kubwa, ya karatasi ngumu, naambiwa imeshatundikwa barazani na watu wanakuja kuiangalia.

Mama nilimpelekea ile pakiti ya unga kutoka Mestre. Sauti yake ya kwanza ilikuwa na masikitiko makubwa: "Mwanangu, mtu anatoka Ulaya, safari yote ile, ananiletea sembe?" Sikujibu kitu. Jumapili akanituma picha. Kausonga, kauweka kwenye sinia pembeni ya changu wa nazi, sinia nusu limeshaliwa. Chini kaandika una chenga chenga kidogo, na kama kuna mtu mwingine anakuja, nimpe pakiti mbili.